Neno moja la Kiingereza, maana kumi: ushike ipi?

Mkuu wa Mafinga, umeuliza hivi: ukifungua kamusi ya Kiingereza kutafuta kineno kidogo tu unakutana na maana kumi, ishirini, sasa ukariri ipi? Usikariri hata moja ikiwa peke yake. Tafuta kiini cha neno, halafu angalia limeandamana na nini.

Maneno mafupi ya kila siku ndiyo yenye mzigo mkubwa. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walipolipitia upya neno "run" walihesabu maana 645 za kitenzi hicho peke yake, na hakuna Mwingereza aliyekaa chini akazikariri. Wewe mwenyewe unapiga simu, unapiga pasi, unapiga kura, unapiga hodi, na huchanganyi, kwa kuwa simu au pasi ndiyo inayokuambia "piga" hapo inafanya kazi gani.

Chukua "cure", maana huku kwetu inajitokeza kila kona. Darasani tunaambiwa ni kuponya. Kwa wakulima wa tumbaku Chunya, "curing" ni kuyakausha majani kwenye bani, yaani banda la kukaushia. Mbozi kwenye kahawa ni kuikoboa iliyokwisha kauka na kuipanga kwa madaraja. Kwenye nyama ni kuitia chumvi isioze. Kwa fundi wa zege mambo yanageuka kabisa: "curing" ni kulimwagilia maji au kulifunika magunia mabichi, kwa kawaida siku 7 au zaidi, kwa sababu saruji inakuwa ngumu kwa kuungana na maji, haigandi kwa kukauka. Sasa mtu aliyeshika ile maana ya tumbaku akisoma maelekezo "cure for 7 days", ataiacha slabu juani, na nyufa zitafuata. Kiini cha neno hili ni Kilatini "cura", yaani utunzaji. Mgonjwa, jani, kahawa, nyama na zege vyote vinatunzwa mpaka vifikie hali inayotakiwa. Namna ya kutunza ndiyo inayotofautiana. Ukishakishika kiini hicho, hata maana usiyowahi kuiona utaikisia vizuri.

Kwenye daftari lako usiandike "cure = ponya". Andika sentensi nzima, pamoja na kinachotendewa: "cure tobacco", "cure concrete", "cure a patient". Neno likikaa peke yake kwenye daftari litakudanganya siku ya kulitumia.

Kamusi nayo ina alama ambazo wengi wanaziruka. Zile herufi C na U mbele ya nomino zinaonyesha kama kitu kinahesabika au hakihesabiki, na mara nyingi hapo ndipo maana inapobadilika. "Iron" ni chuma, "an iron" ni pasi. "Glass" ni kioo, "a glass" ni glasi ya kunywea, "glasses" zinaweza kuwa glasi nyingi au miwani. Kaherufi kale ka "a" unakokadharau ndiko kanakobeba tofauti.

Sehemu inayowaangusha watu zaidi ni kitenzi kinachofuatwa na vineno kama "up", "out", "over", "after". Hapo usitafsiri kipande kipande. Hesabu yote kuwa neno moja jipya. "Look for" ni kutafuta, "look after" ni kutunza, "look into" ni kuchunguza. Dereva anayepeleka wageni Ruaha akisema "we have run out of diesel", dizeli imemwishia. Akisema "I ran into my friend in Iringa", amekutana naye bila kutarajia. Akikosea akasema "I ran over my friend", ameeleza kwamba amemkanyaga kwa gari, na mgeni atashtuka kwa haki.

Angalia pia mahali pa kiwakilishi. Unaweza kusema "pick up the guests" au "pick the guests up", zote sawa. Lakini ukiweka "them", inakuwa "pick them up" tu. "Pick up them" ni kosa. "Look after" haipasuliwi: ni "look after them", basi. Kamusi za wanafunzi zinaonyesha hili kwa pale zinapoweka "sb", yaani mtu: "pick sb up", ila "look after sb". Nakili hivyo hivyo ilivyo.

Kwa wanaofanya biashara Tunduma, makaratasi yana mitego yake. "Outstanding performance" ni kazi bora sana, lakini "outstanding balance" ni deni ambalo hujalipa. "Duty" kwa polisi ni zamu au wajibu, forodhani ni ushuru. "Clear the goods" si kuusafisha mzigo, ni kumaliza taratibu za forodha ili utoke.

Na usisahau kuangalia mwandishi ametoka wapi. Uingereza, "to table a motion" ni kuileta hoja mezani ijadiliwe. Marekani ni kuiweka kando isijadiliwe kwa sasa. Ukiikuta kwenye barua ya mfadhili, mwulize kwanza anamaanisha ipi kabla hujaandaa kikao.