Uso mweupe, ukumbi giza: flashi ina kosa gani?

SWALI: Asalaam aleikum dada. Naishi Kisauni, Mombasa, na najifunza kupiga picha mwenyewe. Nina kamera ya mtumba yenye lenzi ya 18-55 na flashi yake ndogo inayoruka juu. Juzi nilipiga picha usiku wa kupamba wa binti ya mamangu mdogo. Biharusi katoka mweupe kama kapakwa chokaa, na nyuma yake ukumbi wote ni giza. Taa na maua hayaonekani kabisa. Nikazima flashi, picha zote zikatoka zimetikisika. Je, ninunue flashi kubwa?

JIBU: Waaleikum salaam mdogo wangu. Usinunue kitu kwanza. Flashi kubwa ukiielekeza moja kwa moja usoni mwa biharusi itakupa picha ileile, ila betri ndizo zitakuwa nyingi zaidi.

Ukumbini mlikuwa na nuru mbili: ya taa za ukumbi, na ya flashi yako. Ukizichukua kama nuru moja, moja itaila nyenzake. Nuru ya flashi hufifia haraka mno kadiri inavyokwenda mbali: umbali ukizidi mara mbili, nuru hubaki robo. Biharusi akiwa mita 1.5 kutoka kwako na ukuta wa mapambo mita 6, ukuta uko mbali mara nne, kwa hiyo unapata sehemu moja tu kati ya 16 ya kile alichopata yeye. Ndiyo maana ya lile giza. Flashi haiwezi kukuangazia ukumbi. Ukumbi uachie taa zake zenyewe.

Sasa shika jambo hili, maana ukilielewa hutarudi nyuma. Flashi huwaka na kuzima katika muda ambao kwa kawaida haufiki 1/1000 ya sekunde. Shata, yaani pazia la kamera linalofunguka kuingiza nuru, ikae wazi 1/200 ya sekunde au 1/50, flashi haijali, ishakwisha kazi yake. Taa za ukumbi, hizo zinaingia muda wote shata iko wazi. Basi shata ndiyo inayotawala ukumbi, na nguvu ya flashi ndiyo inayotawala uso. Tundu la lenzi (upana wa njia ya nuru, huandikwa kwa f) na ISO (kamera inavyohisi nuru) huzigusa nuru zote mbili pamoja.

Jaribu nyumbani kabla ya harusi nyingine. Chukua dele la kahawa la shaba, liweke mezani kama mita moja na nusu kutoka kwako, na nyuma yake kwa mbali iwake taa ya sebuleni. Nachagua dele kwa sababu shaba haifichi kitu: inakuonyesha nuru imetoka wapi na imepiga wapi. Weka kamera kwenye M, yaani unapanga kila kitu mwenyewe, tundu f/5.6, ISO 1600, flashi imeinuka. Piga kwa 1/200, kisha 1/100, kisha 1/50, mwisho 1/25. Zitazame kwa mfuatano. Dele litakaribia kuwa lilelile katika zote nne, na sebule itakuwa inafunguka, nuru yake kila hatua mara mbili ya iliyopita. Mimi nilipoliona hili mara ya kwanza nilikesha nikipiga picha za vikombe.

Usiharakishe shata kupita 1/200 ukiwa na flashi. Kamera nyingi kikomo chake ni hapo au 1/250. Ukipita, pazia la shata huziba sehemu ya picha na unapata mstari mweusi. Na kwenye kumbi zenye taa za umeme zinazopepesa, penda 1/50 au 1/100 kuliko 1/60 au 1/80. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa hizo hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata isiyolingana nazo huleta michirizi.

Weupe wa uso una dawa yake. Tafuta kitufe chenye alama ya radi na +/-, ushushe flashi hadi -1, hata -1.5. Mara nyingi kamera ikiona giza kubwa nyuma huongeza flashi bila haja. Kuifunika kwa karatasi ya tishu, kama wengi wanavyoshauriana, kunapunguza nguvu tu. Nuru inabaki inatoka sehemu ndogo ileile, na uso wenye jasho la joto letu utaendelea kung'aa. Kinachoilainisha nuru ni upana wa pale inapotoka.

Kwa hiyo siku ukiwa na pesa ya flashi, nunua ya mtumba inayogeuza kichwa. Ielekeze kwenye dari jeupe, na dari lote litakuwa taa yako. Angalia rangi, lakini: kumbi zetu hufunikwa vitambaa vya zambarau na waridi, na flashi ikigonga hapo biharusi naye anageuka zambarau. Nenda Mji wa Kale jioni na rafiki, tafuta kichochoro chenye ukuta wa chokaa, elekeza flashi ukutani ubavuni mwa rafiki yako. Utaona uso umepata umbo, upande mmoja nuru na mwingine kivuli laini.

Kwa wachezaji chakacha, shusha shata hadi 1/15 na uchague flashi ya pazia la pili, yaani inayowaka shata ikikaribia kufunga. Leso itaacha mkia wa rangi nyuma ya mwendo, na mchezaji mwenyewe atabaki wazi. Bana viwiko ubavuni upigapo.

Ukitoka kwenye chumba cha kiyoyozi kwenda nje, iache kamera ndani ya mkoba kama nusu saa. Unyevu wa hewa yetu hugeuka matone kwenye kioo baridi papo hapo.

Na kwa kuwa ulikuwa kupamba: wanawake pale wamevua mabuibui kwa kuaminiana. Omba ruhusa kwa mama wa biharusi kabla ya kutoa kamera, umkabidhi picha zote, na usibaki hata na moja ambayo mwenyewe hakuiridhia. Nipigie zile nne za dele, uniletee nizione.