Taa za Krismasi na kompyuta: achana na ukuta, anza na volti 5

Kila Novemba vijana wa hapa Tororo hunijia na ombi lile lile. Wameona video ya nyumba ambayo taa zake zinacheza kwa kufuata muziki, wana kompyuta, wameshanunua taa kutoka ng'ambo ya mpaka wa Malaba, upande wa Kenya, sasa wanataka kuunda chombo cha kuziongoza. Mimi huuliza kwanza: taa zenyewe zinachomekwa wapi? Wakinijibu "ukutani", tunavuta viti tunakaa.

Hata mimi nilianzia ukutani. Chombo changu cha kwanza kilitumia kompyuta kuukuu ya mezani, zile zenye tundu pana la printa mgongoni. Pini namba 2 hadi 9 za tundu hilo ni kama swichi nane ambazo programu inaweza kuwasha na kuzima moja moja. Nguvu yake lakini ni ndogo mno, haivuti rilei, yaani swichi ambayo koili yake ikipata umeme huvuta chuma kuiwasha. Kwa hiyo katikati niliweka chipu ya ULN2803, yenye njia nane za transista zinazokuza mkondo, pamoja na dayodi za kuikinga dhidi ya msukumo wa umeme unaotoka kwenye koili ya rilei inapozimwa. Rilei nane, nyaya nane za taa. Usiku wa kwanza mama alitoa kiti chake uani akazitazama mpaka tukamwambia baridi imeingia. Furaha ile ndiyo iliyonifunga kwenye kazi hii.

Tatizo la rilei ni kwamba ndani yake chuma kinagonga chuma. Zile ndogo za bluu zinazouzwa kila mahali hukadiriwa kugonga mara 100,000 hivi zikiwa na mzigo kamili. Piga hesabu: mara tano kwa sekunde, saa nne kila usiku, ni mara 72,000. Hata kwa mzigo mdogo wa taa, zangu mbili ziliganda kabla ya Krismasi yenyewe, na taa zake zikakataa kuzimika. Rilei inafaa kwa kuwasha jioni na kuzima usiku. Ngoma haiiwezi.

Mwaka uliofuata nikahamia kwenye trayaki, swichi ya kielektroniki isiyo na chuma kinachogonga, aina ya BT136, ikiamrishwa na optokapla ya MOC3041. Optokapla hupitisha amri kwa mwanga, hivyo hakuna waya unaounganisha kompyuta na umeme wa ukutani, na hapo ndipo usalama wa kompyuta yako ulipo. Ilikwenda vizuri kwa balbu za zamani za nyuzi. Nilipofunga taa za LED, zilimetameta ovyo, na nyingine zikabaki na mwanga hafifu hata baada ya kuzimwa. Ilinichukua siku nyingi kuelewa. Trayaki inahitaji mkondo kiasi fulani ili iendelee kupitisha umeme, na waya mmoja wa LED haufikishi kiasi hicho. Halafu kapasita ya nanofaradi 10 niliyoweka kuilinda trayaki ilikuwa ikipitisha karibu miliampea moja muda wote, na LED haihitaji zaidi ya hapo ili ionekane. Kama umeshakwama hapo, funga balbu moja ndogo ya nyuzi sambamba na taa zako kwenye njia hiyo hiyo. Itabeba mzigo unaokosekana.

Lakini sikuachana na ukuta kwa sababu ya kumetameta. Asubuhi moja baada ya mvua, mpwa wangu aligusa kishikio cha taa kilichopasuka. Taa zilikuwa zimezimwa na kompyuta, kwa hiyo hakuogopa. Kumbe soketi tuliyochomeka ilikuwa imefungwa kinyume, waya wa moto na nyutro vimebadilishana, na trayaki yangu ilikuwa inakata nyutro. Zile taa hazikuwaka lakini zilikuwa na volti 240. Mtoto alirushwa, akapona. Nilifungua chombo kile siku ile ile na sijakifunga tena.

Sasa natumia taa za pikseli za volti 5, aina ya WS2812B. Kila taa ina chipu yake, na waya mmoja wa data unatosha kuipa kila moja rangi yake. Unahitaji bodi ndogo ya ESP32 iliyowekwa programu ya WLED ya kuziamuru taa, na kwenye kompyuta xLights, ambamo unapanga taa zifuate wimbo. Zote mbili ni za bure.

Hapa hatari imehamia kwenye ampea, yaani wingi wa mkondo, basi usidharau hesabu. Taa moja ikiwaka nyeupe kamili hula hadi miliampea 60. Ukanda wa mita tano wenye taa 300 ungetaka ampea 18, na adapta ya simu haifiki popote karibu na hapo. Punguza mwangaza hadi asilimia 30. Usiku wala hutaona upungufu. Ukiona taa nyeupe za mwishoni zinageuka rangi ya chungwa, volti zimepungua njiani na bluu ndiyo imeanza kuzimika. Peleka nyaya nene za umeme hadi upande wa pili pia. Unganisha waya hasi wa adapta na ule wa bodi. Kusahau jambo hili dogo kumewarudisha kwangu watu wengi wakidhani taa zimeungua. Na kwa kuwa ESP32 hutoa ishara ya volti 3.3 tu, weka chipu ya 74AHCT125 iipandishe hadi 5, hasa kama bodi iko mbali na taa. Sanduku la kuwekea bodi litoboe chini, kamwe si juu, na waya ushuke kwanza kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondoke nje.

Uzuri mwingine wa volti 5 niliugundua umeme ulipokatika. Nyumba nyingi hapa zina betri ya sola ya volti 12. Kifaa kidogo cha kushusha volti hadi 5 kinatosha kuziwasha taa hizi. Taa 100 kwa asilimia 30 hazizidi wati 9, yaani saa nne zinakula kama ampea-saa tatu na nusu za betri, ukihesabu na kinachopotea njiani. Mkesha wa Krismasi iliyopita mtaa mzima uliingia gizani saa mbili usiku. Majirani waliona mwembe wetu unabadilika rangi wakaja na watoto wao, na mama akaniagiza nikalete viti vingine.