Haidranjea imegoma kuchanua

Tangu mvua zianze, maswali mnayoniletea kuhusu haidranjea, ule mmea wa bustani wenye vichwa vikubwa vya maua, yamekuwa mengi, karibu yote kutoka milimani. Moja limevuka bahari.

Niko Kabale, Uganda. Haidranjea yangu ina majani makubwa kama sahani, lakini huu ni mwaka wa tatu sijaona ua. Kila Desemba tunaikata ili wageni wa Krismasi wakute uwanja nadhifu.

Mama, jibu umeliandika mwenyewe: ni hilo panga la Desemba. Haidranjea ya majani mapana hubeba maua kwenye matawi ya zamani. Tumba hujiunda kwenye ncha ya tawi wiki nyingi kabla hujaona rangi, hasa joto likishuka chini ya nyuzi 18, na baridi ya Kabale inatosha kabisa. Mkifyeka ncha, mmefyeka maua ya msimu ujao. Hata mimi yalinikuta. Nilirudi safari nikakuta kijana niliyemwachia bustani ameinyoa yangu ikawa duara kama mpira, naye amesimama kando anangoja sifa.

Kesho asubuhi, kabla umande haujakauka, inamisha tawi moja utazame nchani. Tumba la ua ni nono, limevimba tumboni. La majani ni jembamba, limechongoka. Ukiona nono, weka panga chini. Ondoa matawi makavu tu. Na kichwa cha ua kikinyauka, shuka hadi jozi ya kwanza ya matumba manono, kata juu yake, uishie hapo.

Kapchorwa hapa. Nikiweka yurea kwenye mahindi, huwa naigawia na haidranjea. Nakosea?

Unakosea, kaka. Naitrojeni ya yurea ikizidi, mmea hushiba ukatoa majani tu. Mpe samadi iliyooza vizuri mwanzoni mwa mvua, basi.

Nimeolewa Edmonton, Kanada. Nilinunua haidranjea ya waridi kwenye chungu nikaipanda nje, kwa kuikumbuka ya mama kule Kisoro. Kila mwaka inachipua upya kutoka chini, majani matupu.

Pole, binti. Baridi ile ile inayotutengenezea matumba huku, kwenu inayaua. Huko halijoto hushuka mbali chini ya sifuri, matawi yanakufa hadi usawa wa udongo, mizizi tu ndiyo inayopona. Machipukizi mapya hayana tumba la mwaka jana, na kiangazi chenu ni kifupi mno kwa mmea kuanza upya hadi kufikia ua.

Ukiipenda hiyo hiyo, ihamishie kwenye chungu. Ikishapukutisha majani, iingize gereji isiyo na joto lakini isiyogandisha, uinyweshe kidogo tu, kisha itoe jalidi ya mwisho ikishapita. Wengine huizungushia waya nje na kujaza majani makavu, ila kwa Edmonton mimi nisingethubutu. Kwa ardhini tafuta aina iitwayo paniculata: huchanua kwenye matawi ya mwaka huo huo na hustahimili baridi kali. Hiyo unaipogoa mapema majira ya kuchipua bila hofu. Maua yake yamechongoka kama pia, huanza meupe yakaishia waridi. Si ya mama, lakini utayaona.

Ya jirani ni ya buluu, yangu ya waridi, na tulipanda vipande vya shina moja!

Majivu ya jikoni unayamwaga wapi? Nadhani hapo hapo. Majivu hupunguza uchachu wa udongo, na udongo usipokuwa mchachu mmea hauwezi kufyonza aluminiamu, ambayo ndiyo inayoleta buluu. Acha majivu. Ukiwa na haraka, nunua shabu, ile ya kusafishia maji: kijiko kimoja cha mezani kwenye lita 4 za maji, umwage shinani baada ya kuloanisha udongo. Usitarajie mabadiliko wiki hii. Na kama ni nyeupe, shabu hata gunia haitaigeuza.

Entebbe je?

Usiku wenu una joto. Zile zenye maua zinazouzwa kando ya barabara zimeshawekewa matumba kwenye ubaridi. Kwako zitachanua mara moja, kisha majani. Panda bogenvilia.

Naweza kumpa mbuzi matawi niliyokata?

Hapana. Yana sumu. Yatupe kwenye shimo la mboji, na shimo ulifunike, maana mbuzi unamjua.