Kabla ya Kumfungulia Msaidizi wa Akili Unde Ubao Wenu

Ninyi mnaoanza kazi katika kitengo chetu hapa Dodoma huniuliza kwanza namna ya kuunganisha msaidizi wa akili unde na ubao wa pamoja wa mtandaoni. Kuunganisha kwenyewe ni kazi ya dakika chache; taabu hutokana na namna ubao ulivyopangwa kabla msaidizi hajaingia.

Njia inayotumika sana sasa ni itifaki, yaani utaratibu wa programu kuwasiliana, iitwayo Model Context Protocol, ambayo kampuni ya Anthropic iliitangaza Novemba 2024 na kampuni nyingine za akili unde zikaipokea baadaye. Kwa njia hiyo, seva ya ubao humweleza msaidizi vitendo vinavyowezekana, kama vile kusoma yaliyomo, kuongeza kikaratasi cha kuandikia hoja au kuchora mshale, naye huchagua kitendo kulingana na ombi lako. Ubao kama Miro, ambao maelekezo ya zamani yanauita RealtimeBoard kwa sababu ulibadilishwa jina mwaka 2019, hukutaka uingie kwa akaunti yako na kukubali ruhusa. Ruhusa ya kusoma ni moja na ya kuandika ni nyingine, na ningewashauri muanze na ya kusoma peke yake hata kama mna haraka.

Wengi hudhani kwamba msaidizi anauona ubao kama sisi tunavyouona ukutani. Mara nyingi anachopokea ni orodha: maandishi ya kila kikaratasi, rangi yake, namba yake ya utambulisho, na namba mbili zinazoonyesha mahali kilipo. Kwa hiyo vikaratasi vitatu mlivyovisogeza pamoja ili kuonyesha kuwa ni hoja moja, kwake vinaweza kuwa vitu vitatu visivyojuana. Mshale ni tofauti, kwa kuwa kumbukumbu yake hutaja unatoka kwenye kitu gani na kwenda kwenye kipi, na fremu, yaani kisanduku kinachokusanya vitu ubaoni, nayo hujulikana kuwa ndiyo iliyobeba vilivyomo ndani yake. Basi uhusiano wowote mnaoutegemea uwekeeni mshale au uingizeni katika fremu yenye jina linaloeleweka.

Nilijifunza hili baada ya kikao na wakulima wa zabibu wa Mpunguzi. Ukumbini tulikubaliana kwa mdomo kwamba vikaratasi vyekundu ni malalamiko yaliyokwisha kushughulikiwa na vya njano ni yanayosubiri. Nilipoomba muhtasari, msaidizi aliandika kwa ufasaha mkubwa kwamba vyekundu ni mambo ya dharura, na nusura niutume kwa mkuu wangu, maana ulisomeka vizuri kuliko niandikavyo mimi. Kosa lilikuwa langu, kwani makubaliano yetu hayakuandikwa popote, naye alishika maana ambayo rangi hiyo huwa nayo kwa watu wengi. Siku hizi kila ubao wangu una kikaratasi kikubwa, juu kushoto, kinachotaja maana ya kila rangi.

Ruhusa ya kuandika ilinipa aibu nyingine. Niliomba hoja zaidi ya thelathini ziwekwe ubaoni bila kusema ziwekwe wapi, na zote zikarundikana katikati, moja juu ya nyingine, kwa sababu kitu kisichotajiwa mahali huwekwa kwenye sifuri na sifuri. Tena, katika Miro, kitu kilichomo ndani ya fremu huhesabiwa mahali pake kuanzia kona ya juu kushoto ya fremu hiyo, wakati kilicho nje huhesabiwa kuanzia katikati ya ubao. Mtengeeni msaidizi fremu tupu aandike humo tu, kisha mtu ahamishe yanayofaa kwa mkono wake.

Ubao ulio wazi kwa yeyote mwenye kiungo unahitaji tahadhari zaidi, kwa kuwa mgeni anaweza kuandika kikaratasi chenye amri, na msaidizi akaisoma kana kwamba ni ombi lenu. Majina na namba za simu za wakulima msiziache humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa pia usafirishaji wa taarifa za watu nje ya nchi, na seva za wasaidizi hawa kwa kawaida haziko Tanzania. Tokeni ya kuunganishia, yaani msimbo wa siri unaompa msaidizi ruhusa ya kuingia ubaoni, nayo ichukulieni kama nywila. Isibandikwe ubaoni wala kwenye kundi la WhatsApp.

Kufunga dirisha la mazungumzo hakukati muunganisho. Ingieni kwenye mipangilio ya akaunti, mahali panapoorodheshwa programu zilizoruhusiwa, mkaondoe wenyewe. Mara ya mwisho nilipofungua orodha yangu nilikuta tatu za kazi zilizokwisha zamani, na moja bado ilikuwa na ruhusa ya kuandika.