Jibu: methani kwenye kinamasi cha peti inaruka, msituni inasoma hasi, na sehemu ya kutafuta kosa

Mkuu, umeuliza mambo matatu. Kwa nini fremu mbili (vizingo vilivyozamishwa kwenye peti ili chemba ikae juu yake) zilizoachana mita tatu tu kwenye kinamasi huko Ufini zinatoa methani inayotofautiana mara kumi. Kwa nini kwenye msitu wa misonobari jirani unapata namba hasi. Na kama utafute mashine ya leza au ubaki na mabomba ya sindano ya kuvutia sampuli za gesi. Mashine nitaigusa baadaye, maana mara nyingi data huwa imeshaharibika kabla gesi haijaifikia. Inaharibikia miguuni mwako, kwenye fremu, na kwenye hesabu ya ujazo wa chemba, yaani sanduku linalofunikwa juu ya fremu ili kunasa gesi inayotoka.

Kwa wanaopita tu hapa: peti ni mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa maelfu ya miaka kwa sababu maji yamezuia hewa na kuoza kumekwama. Vinamasi vya kaskazini, kuanzia Kanada hadi Siberia, vimefungia humo kaboni nyingi sana. Vinavuta kaboni dioksaidi kutoka hewani, na papo hapo vinatoa methani. Kupima ni kutafuta salio la hesabu hizo mbili.

Hiyo tofauti ya mara kumi, kwanza, inaweza kuwa kweli tupu. Methani hutengenezwa na vijidudu chini ya usawa wa maji, pasipo oksijeni. Ikipanda kupitia tabaka lenye hewa, bakteria wengine huila. Juu ya kinundu (mwinuko mdogo wa kinamasi) maji yako chini sentimita 30 hivi, kwa hiyo nyingi huliwa njiani. Kwenye kishimo maji yako sentimita 5 tu, na gesi inatoka. Halafu kuna ndago wa jamii ya Carex: mashina yao yana njia za hewa ndani, kwa hiyo methani hupanda humo kama moshi kwenye bomba na kulikwepa lile tabaka la walaji. Hesabu mashina ya ndago ndani ya kila fremu kabla hujaanza kuilaumu mashine.

Sasa kosa lenyewe. Peti yenye maji hubonyea ukiikanyaga, na mapovu yaliyonaswa chini hufumuka. Ukisimama nusu mita kutoka kwenye fremu bila njia ya mbao, unapima uzito wako. Njia ya mbao iegemee nguzo zilizozama kina, isilale juu ya mimea, na mahali pa kusimama pasiguse peti iliyo karibu na fremu. Kwenye grafu utaliona wazi: methani inapanda taratibu, ghafla inaruka ppb 200 (sehemu 200 kwa bilioni ya hewa) ndani ya sekunde mbili, kisha inarudi kwenye mteremko uleule wa awali. Mruko ukitokea sekunde chache tu baada ya kuweka chemba, ni wewe. Ukitokea katikati na hakuna aliyesogea, ni povu la asili, hasa siku ambayo mgandamizo wa hewa unashuka. La asili usilifute, maana ni methani halali iliyokwenda angani. Litenge na uliripoti pembeni.

Fremu ya sentimita 60 kwa 60 iingie sentimita 15 hadi 20 ndani ya peti. Ikate kwa kisu kirefu chenye meno kwanza, usiigonge kwa nyundo. Kukata huko kunaua mizizi, na mizizi inayooza inatoa kaboni dioksaidi isiyo ya kawaida, kwa hiyo weka fremu msimu uliotangulia, au ukishindwa kabisa, wiki kadhaa kabla. Mfereji wa juu wa fremu, ambamo chemba hukaa, unajazwa maji ili kuziba. Siku ya jua hukauka bila taarifa, na asubuhi za Septemba huganda, ndipo gasketi ya mpira laini inapofaa zaidi. Jaribio rahisi la uvujaji: chemba ikiwa imefungwa, puliza pumzi polepole kuzunguka ukingo wote. Pumzi ya mtu ina kaboni dioksaidi karibu asilimia 4, yaani mara mia ya hewa ya nje. Kama kuna tundu, mashine itapiga kelele hapohapo.

Ndani ya chemba kuwe na feni ndogo ya kompyuta, kipimajoto, na kwenye chemba ya uwazi kipima mwanga pia. Usisahau mrija mwembamba wa kusawazisha mgandamizo. Bila mrija huo, kule kuibamiza chemba tu kunasukuma hewa ndani ya peti. Feni iwe ya kuchanganya hewa, isiwe ya kupepea majani. Ndago warefu wasikunjwe kwa nguvu chini ya kifuniko. Shina likivunjika umefungua bomba jingine. Tumia kipande cha kuongezea kimo.

Ujazo ndio unaowaangusha wengi. Kimo cha chemba ni sentimita 30, watu wanaandika 30. Lakini fremu nayo imechomoza juu ya sfagnamu (ile mimea midogo laini inayonyonya maji kama sifongo) sentimita 5. Kimo halisi ni 35, na ukitumia 30 umepunja mtiririko (gesi inayopita kwenye eneo fulani kwa muda fulani) kwa asilimia 14. Pima kutoka ukingo wa fremu hadi usoni mwa mimea kwenye nukta tisa, chukua wastani, na urudie kila mwezi kwa sababu sfagnamu inakua na peti yenyewe hupanda na kushuka kufuatana na maji.

Hesabu ni hii: mteremko wa grafu (kasi ya gesi kupanda ndani ya chemba), zidisha kwa ujazo uliogawanywa kwa eneo, zidisha kwa mgandamizo uliogawanywa kwa 8.314 mara joto la kelvini. Kwa nyuzi 15 na mgandamizo wa kawaida, mita moja ya ujazo ina moli 42.3 (moli ni kipimo cha idadi ya molekuli) za hewa. Kwa kimo cha mita 0.35 ni moli 14.8 juu ya kila mita ya mraba. Methani ikipanda ppb 5 kwa sekunde, unapata nanomoli 74 kwa mita ya mraba kwa sekunde, karibu miligramu 4.3 kwa saa. Namba ya kawaida kabisa kwa kinamasi chenye maji wakati wa kiangazi. Ukipata mara mia ya hiyo, rudi kwenye miguu.

Msituni, hasi ni sahihi. Udongo mkavu wenye hewa hula methani ya angani. Tatizo ni udogo wake: mteremko wa ppb 0.05 kwa sekunde unamaanisha kushuka kwa ppb 15 tu kwa dakika tano, wakati hewa yenyewe ina karibu ppb 2000. Hapo ndipo jibu la swali lako la mashine lilipo. Mabomba ya sindano na kromatografia (mashine ya maabara inayotenganisha gesi za sampuli), kama sampuli zinarudiana kwa asilimia 1, zina yumbayumba ya ppb 20, hivyo hiyo 15 inamezwa. Utalazimika kufunga chemba nusu saa na kuchukua sampuli nne au tano. Leza inayoyumba ppb 1 inaona kushuka huko ndani ya dakika tano. Kwa vishimo vya kinamasini sindano zinatosha. Kwa msitu, azima leza.

Na tafadhali usichuje data ya msitu kwa kigezo cha R mraba (namba inayoonyesha jinsi nukta zinavyofuata mstari) pekee. Mtiririko unaokaribia sifuri lazima uwe na R mraba ndogo, hata kipimo kikiwa safi. Ukiutupa, unabaki na mikubwa tu, na wastani wako unadanganya. Chuja kwa ukubwa wa mtawanyiko kuzunguka mstari, ukiulinganisha na kelele ya mashine.

Kaboni dioksaidi ina mtego wake. Chemba ya uwazi juani ni banda la plastiki: joto likipanda zaidi ya nyuzi 1 au 2, fungua. Dakika mbili zinatosha. Anza na mwanga kamili, inua chemba ipate hewa, funika kwa wavu wa kupunguza mwanga, ipe hewa tena, malizia kwa kitambaa cheusi ili upate upumuaji (kaboni dioksaidi inayotolewa na mimea na peti). Usiku mtulivu usio na upepo, gesi hujikusanya ndani ya sfagnamu, na feni yako ikianza kuzunguka inaifagia. Dakika za mwanzo zinaonyesha upumuaji mkubwa kuliko ulivyo. Kule Mer Bleue, kinamasi kilicho karibu na Ottawa, chemba za kujifunga zenyewe zimeonyesha jambo hili bayana. Andika kasi ya upepo kwa kila kipimo cha usiku.

Majira ya baridi usifukue fremu. Ukifukua theluji unaachia gesi iliyokusanyika na kupima kazi ya koleo. Shusha mrija mwembamba, vuta sampuli juu ya theluji, katikati na chini kabisa, kisha kokotoa mtiririko kwa tofauti ya viwango, kina na msongamano wa theluji. Ukoko wa barafu katikati huvuruga hesabu yote, kwa hiyo chimba shimo mita mbili pembeni ya mrija uyaangalie matabaka kabla hujaiandika namba.