Pumzi ninayo, mapaja ndiyo yanayoniangusha

SWALI: Shikamoo kocha. Nimekulia Moshi, sasa naishi Innsbruck, Austria. Nakimbia kilomita 10 mara tatu kwa wiki bila shida. Msimu uliopita nilijifunza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu miguuni, na kila nikishuka mteremko mapaja yaliwaka moto mpaka nikasimama njiani. Imebaki miezi miwili theluji ifike. Niongeze kilomita?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kilomita usiongeze, ulizonazo zinatosha. Wewe ni mtoto wa Moshi, bila shaka umewaona watalii waliotoka Kilimanjaro: kupanda walipanda vizuri, lakini kesho yake ngazi za hoteli wanazishuka kwa kushikilia ukuta. Unapouzuia mwili usiporomoke, misuli ya mbele ya paja inakaza huku inavutwa. Kazi hiyo ndiyo inayoacha maumivu, na mbio za tambarare haziifundishi. Kwenye skii, tena, goti limekunjwa karibu muda wote.

Philip Boit wa Kenya alitoka kwenye riadha akaenda Olimpiki ya Nagano mwaka 1998, lakini mchezo wake ulikuwa skii ya masafa, kilomita 10, ambako pumzi ndiyo mtaji. Wewe unateremka mlima. Mtaji wako ni mapaja, makalio na kiuno.

Anza na kuchuchumaa taratibu. Hesabu moja hadi nne ukishuka, kisha inuka kawaida. Mara nane, pumzika, rudia mara tatu. Wiki ya tatu vaa mkoba wenye vitabu. Halafu simama kwenye ngazi, shusha mguu mmoja polepole mpaka kisigino kiguse chini, huku ukilitazama goti la mguu uliobaki juu: lisiingie ndani, lielekee vidole. Hapo usinifanyie haraka hata kidogo, maana goti linaloanguka ndani ndilo linaloumia mlimani. Misuli ya nyuma ya paja nayo inalilinda goti, kwa hiyo lala chali, kunja magoti, inua makalio juu na kuyashusha. Ukizoea, tumia mguu mmoja. Katika mwezi wa pili ongeza kuruka upande kwa upande, ukitua kimya kwa goti lililokunjwa.

Fanya hivi siku mbili au tatu kwa wiki, usifuatanishe siku. Mapaja yakiuma kesho yake ni kawaida. Goti lenyewe likiuma au likivimba, acha, muone daktari.

Lakini kuna jambo ambalo mazoezi hayatalitibu. Wanaoanza wengi wakiogopa mteremko huegemea nyuma, kana kwamba wanakaa kitini, na mapaja yanabeba mzigo ambao ungebebwa na mwili mzima. Nashuku nawe unafanya hivyo. Mfupa wa mbele wa mguu unapaswa kuugusa ulimi wa buti muda wote wa kushuka. Lipia saa moja ya mwalimu siku ya kwanza, kwenye njia za buluu, yaani zile rahisi, umwambie akutazame hilo tu.

Alasiri mapaja yakianza kutetemeka usilazimishe mteremko wa mwisho. Rudi chini kwa gondola, kile kibanda kinachoning'inia kwenye kamba ya chuma.