Maswali ya Wasomaji: Nitafikaje Hirta, Kisiwa Kilichohamwa na Watu Wake?

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu wa jiografia, mkaazi wa Buruburu, Nairobi. Kwa miaka mingi niliwaonyesha wanafunzi kwenye ramani vitone vilivyo magharibi ya Uskoti vinavyoitwa St Kilda, nikawaeleza kwamba wenyeji wake walihama wote kwa siku moja. Binti yangu anayeishi London amenialika nimtembelee mwaka ujao, nami natamani kufika huko kabla magoti hayajanikatalia. Je, mtu wa kawaida anaruhusiwa kukanyaga kisiwa hicho? Je, siku mbili zitatosha?

JIBU: Mwalimu, unaruhusiwa, ila siku mbili hazitoshi, na ni heri nianze na hilo kwa kuwa ndilo linalowavunja wengi moyo. Hirta, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika kundi la St Kilda, kiko takriban kilomita 64 magharibi ya visiwa vya Hebrides vya Nje, umbali unaokaribia ule wa Nairobi hadi Machakos, lakini njia nzima ni Bahari ya Atlantiki iliyo wazi, isiyo na chochote cha kuvunja mawimbi. Mashua za abiria huenda kati ya Aprili na Septemba, nyingi zikitoka Leverburgh, bandari ndogo ya Harris katika visiwa hivyo vya Hebrides, na safari huchukua karibu saa tatu. Zikifika hazifungwi gatini. Nahodha hutia nanga katika ghuba iliyo mbele ya kijiji, kisha abiria hushushwa wachache wachache kwa mtumbwi wa mpira. Ghuba hiyo inaelekea kusini-mashariki, kwa hiyo upepo ukivuma kutoka upande huo hakuna anayeshuka, hata kama jua linawaka. Wazee wetu wa Lamu wanalijua jambo hili: upepo wa kusi ukikaza, mwenye mashua habishani nao. Panga kukaa Harris siku tano kwa uchache, ili siku moja ikiharibika ubaki na nyingine.

Kwa Mkenya, viza ya mgeni ya Uingereza inatosha, kwa maana Uskoti haina viza yake, nayo kwa kawaida huruhusu kukaa hadi miezi 6. Usilipie mashua kabla hujaipata viza hiyo. Kutoka London nenda Inverness, kisha kwa basi hadi Ullapool, uvuke kwa feri hadi Stornoway, na kutoka hapo ushuke kusini kwa barabara hadi Leverburgh. Epuka kusafiri Jumapili, kwani siku hiyo huheshimiwa sana huko na mabasi hayaendi.

Kuhusu magoti nitasema kweli. Kuteremka kwenye mtumbwi unaopanda na kushuka na mawimbi kunahitaji mguu imara na mkono wa kushikia, na mwenye mashua anapaswa kuelezwa hali yako mapema. Ukishatua, huna haja ya kupanda mlima Conachair wenye mita 430, kwa sababu mambo makuu yako chini, kijijini.

Utaona safu ya nyumba za mawe zilizopindana na ghuba, chache zikiwa zimeezekwa upya na nyingine zikiwa kuta tupu. Kutoka hapo, tarehe 29 Agosti 1930, watu 36 waliobaki waliondoka kwa ombi lao wenyewe, na inasimuliwa kwamba kila nyumba iliachiwa Biblia iliyofunguliwa. Walikuwa wameishi kwa ndege wa baharini, wakishuka kwenye majabali kwa kamba, wakila nyama yake na mayai, na kulipa kodi ya ardhi kwa manyoya. Kila asubuhi wanaume walikutana barabarani kuamua kazi ya siku. Barua zao waliziweka ndani ya kigogo kilichochongwa kama mashua, wakakifunga kibofu cha kondoo kilichojazwa hewa, wakaiachia bahari. Lakini katika karne ya 19 watoto wao wengi walikufa kwa pepopunda siku chache baada ya kuzaliwa, na mama wa leo akisimama mbele ya nyumba hizo hawezi kupita haraka. Wa mwisho kubaki hai kati ya waliozaliwa huko alifariki mwaka 2016.

Juu ya kijiji kumetapakaa vibanda vya mawe zaidi ya 1,200 vyenye paa la nyasi, ambamo upepo ulikausha ndege na kuhifadhi chakula. Kwangu hivyo ndivyo hazina ya kisiwa, naomba uingize kichwa ndani ya kimoja. Kondoo wadogo wa rangi ya kahawia utakaowaona hawana mchungaji. Walihamishwa kutoka kisiwa jirani cha Soay mwaka 1932. Panya wadogo wa nyumbani nao walitoweka muda mfupi baada ya watu kuondoka, kwa kuwa walitegemea nyumba zenye watu.

Neno "kisichokaliwa" lina mipaka, Mwalimu. Utakuta kituo cha rada cha jeshi, watafiti wa kondoo, na mlinzi wa shirika la hifadhi la Uskoti, ambaye huwapokea wageni na kuwapa maelekezo. Yafuate kwa makini. Safisha viatu na mfuko kabla ya kuondoka, kwa sababu panya mmoja mkubwa akifika hapo anaweza kuangamiza ndege wanaotaga mashimoni, na usiguse ndege mfu, maana mafua ya ndege yamewaua wengi. Ukitaka kuwaona puffin, wale ndege wadogo wa baharini wenye midomo ya rangi kama ya kasuku, nenda Mei hadi Julai, kwani Agosti huwa wanaondoka.

Beba chakula cha kutwa na urudi na taka zako. Julai joto la mchana huzunguka nyuzi 13, kama Limuru siku ya ukungu, lakini kwa upepo mkali, basi vaa koti lisilopenya maji, na meza dawa ya kichefuchefu kabla ya kupanda mashua, si baada ya kuanza kutapika. Mpigie mwenye mashua jioni ya kuamkia safari, baada ya yeye kusoma utabiri wa hali ya hewa, ndipo utakapojua kama mtaondoka alfajiri.